Wodi Isiyo na Homa

Chati ya mia nne na kumi na mbili ilikataa kuingia. Binti alibonyeza tena, na programu ikamrudishia maneno yaleyale mekundu: mtoto huyu amepimwa baada ya kufariki.

Alidhani amekosea tarehe. Wanafunzi wa masta ya kompyuta hujilaumu wenyewe kwanza, halafu mashine, na mwisho kabisa ndipo wanawalaumu watu. Alifungua picha kwenye simu, akaikuza. Juu ya karatasi ilikuwa wazi: kitanda cha kumi na nne, amefariki saa kumi alfajiri. Chini, kwa kalamu ya bluu, saa kumi na mbili asubuhi, joto thelathini na sita nukta nane. Saa mbili asubuhi, thelathini na sita nukta nane. Kwenye sahihi kulikuwa na herufi mbili zenye mkia mrefu. Mkia huo alikua nao. Ulikuwa kwenye ripoti zake zote za shule, mahali pa mzazi au mlezi.

Aliirudisha picha ilivyokuwa, halafu akaikuza tena.

Mradi aliotaka kuuchagua ulikuwa mzuri, jamani: programu ya kumwonya nesi mapema mtoto anapoanza kupanda joto. Mama mdogo, nesi wa wodi ya watoto kwa miaka kumi na tisa na ndiye aliyemlea, alimfungulia kabati la chati ili apige picha. Kumbe kwa chati zile wodi nzima haikuwa na homa. Miezi sita, mamia ya watoto, wote thelathini na sita nukta nane kama waliofanya kikao. Na jina la mradi lilitakiwa lifike kwa karani wa idara kabla ya saa tisa alasiri. Alikwisha kuahirishiwa mara mbili. Ya tatu ni kufutwa usajili.

Hakuwahi kufunga skrini. Msimamizi wake, waliyemwita Kalamu Nyekundu kwa jinsi alivyokata miradi ya watu, alikuwa amesimama nyuma yake hapo maabara ya kompyuta.

"Mbona grafu imelala hivyo? Wamepima watoto au wamepima ukuta?"

"Labda nimekosea kuingiza, mwalimu."

"Hujakosea!" Alicheka mpaka miwani ikamtelemka. "Wee binti, umeokota almasi unataka kuirudisha mchangani? Achana na mambo ya homa. Chukua huu: programu ya kunasa rekodi za kupika. Itoe orodha, kila sahihi na idadi ya uongo wake. Kwani nani amejaza hizi?"

"Ni herufi tu, mwalimu. Sijui za nani."

Uongo ulimtoka laini, akajishangaa. Kalamu Nyekundu alikwisha kuandika jina jipya la mradi kwenye fomu, akasaini. "Kapige mhuri wa hospitali, kisha peleka kwa karani. Ukiukataa huu, mimi sina mwingine wa kukusainia."

Afisa takwimu wa hospitali alikuwa amemzungusha wiki saba kwa kibali cha kwanza. Njoo kesho, mhuri umefungiwa, wino umekwisha. Leo alilisoma jina la mradi mara moja, akainuka, akafunga mlango. Hapo ndipo binti alipoogopa hasa.

"Kaa, mwanangu, kaa. Unajua tuna malalamiko? Mtoto wa kitanda cha kumi na nne. Mama yake yupo hapo nje kwenye benchi, kila Jumatatu anakuja. Wakubwa wanataka jibu."

"Jibu gani?"

"Jina. Jina moja tu, faili lifungwe." Aliinama mbele. "Karatasi zenyewe zililowa stoo, paa linavuja, zimekuwa uji. Umebaki wewe na picha zako. Umeshaliona jina?"

"Bado," alisema binti.

Mhuri ulipigwa mara mbili, bila hata kuombwa. "Na ukishindwa usione haya. Mwezi ujao nina mwanafunzi wa chuo kingine, naye ataanza na chati mpya. Tutampata tu huyo mtu."

Nje, mwanamke wa kwenye benchi aliusogeza mkoba wake ili binti apate pa kukaa. Binti alimwitikia kwa kichwa, akapita upesi bila kumtazama usoni.

Wodini mama mdogo alikuwa peke yake na watoto thelathini na wawili. Binti alimvuta kwenye kichumba cha dawa, akamweleza yote kwa pumzi moja. Mama mdogo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilijaza zote saa moja jioni," alisema. "Zamu nzima. Wote tunajaza hivyo."

"Kwa nini, mama?"

"Unaniuliza kwa nini? Kipimajoto kimekufa tangu mwaka jana! Nimeandika barua nne, zinapigwa mhuri wa kupokelewa, basi. Nikiacha kisanduku wazi naandikiwa onyo. Nikijaza, napewa hongera mbele ya watu. Haya, wewe mwenye masta, niambie ningefanyaje." Aliviangalia viganja vyake. "Yule mtoto nilimpima kwa mkono huu usiku kucha. Nilijua anaungua. Daktari nilimwita mara tatu. Alipokufa... nikasahau kufuta zile mbili za mwisho."

Alianza kulia bila sauti, huku akijifuta kwa pembe ya aproni.

"Watanifunga?"

Aliuliza kama mtoto anavyouliza. Mwanamke huyu alikuwa akimkemea hata mganga mkuu, na binti hakuwahi kumwona anaogopa kitu. Kumwona hivyo kulimtia hofu kuliko mlango wa afisa takwimu. Alitoa simu, akazichagua picha zote mia nne na kumi na mbili, akazifuta; kwenye programu alikuwa ameingiza namba tu, bila sahihi. Akachana fomu yenye mihuri miwili. Idara ilikuwa na orodha ya miradi ya akiba isiyohitaji sahihi ya msimamizi wala mhuri, ya wale walioshindwa kufikiri. Alichukua fomu nyingine, akaandika: Mfumo wa Kuazima Vitabu vya Maktaba. Wenzake tisa walikuwa wameuchagua huohuo.

"Asante, mwanangu," alisema mama mdogo. "Mungu akuzidishie."

Kisha mama mdogo akauliza, "Na huyo mwanafunzi wa mwezi ujao?"

Mama mdogo alifungua droo, akatoa chati mpya, tupu, akaziweka mikononi mwa binti.

"Hizi ni za leo mpaka kesho asubuhi. Wewe ndiye unayejua mashine inanasa vipi. Nionyeshe zisifanane."

"Mama, jamani..."

"Saa nane sasa. Nisaidie."

Binti alijua, tena vizuri mno. Joto la kweli hupanda kidogo jioni na kushuka alfajiri. Namba isijirudie mara tatu mfululizo. Hapa na pale pawe na kosa lililokatwa kwa kalamu, maana binadamu hukosea. Alitoka nazo hadi wodini, akakaa kwenye meza ya nesi, akaandika kitanda baada ya kitanda, na mkono ukazoea upesi kuliko alivyotarajia. Mama mdogo alichungulia begani.

"Ehee! Hata mimi ningeamini."

Kitanda cha tisa kilikuwa kimegusana na meza. Mtoto alikohoa, na binti akanyoosha mkono kumtuliza. Paji lilikuwa moto, akauondoa mkono haraka.

"Mama, huyu anaungua!"

"Najua. Dawa nimempa saa saba." Mama mdogo alikwisha kuchovya kitambaa majini, akakikamua. "Namhudumia mimi. Wewe maliza, karani wako atafunga."

"Sasa huyu nimwandikie ngapi?"

"Ya kupita, isiyoulizwa."

Binti alifuta kiganja kwenye sketi yake. Akaandika thelathini na saba nukta moja. Kisha, kwa saa kumi na mbili jioni ambayo ilikuwa haijafika, akaandika thelathini na sita nukta tisa.