Kumenya Lulu ya Shangazi

"Limao, shangazi? Umesugua lulu kwa limao?"

"Na chumvi kidogo. Sufuria zangu zote nazisugua hivyohivyo, zinang'aa mpaka unajiona meno."

Koleo aliiweka pete kwenye kitambaa cheusi na kuvuta taa karibu. Walimbandika jina la Koleo tangu aanze usonara, kwa sababu akishika kitu haachii. Ulimi nao hakujaliwa breki. Pete yenyewe haikuwa na neno, dhahabu safi kabisa. Ila lulu juu yake ilikuwa imepauka kama jicho la samaki wa kuchemsha.

"Umeiharibu," alisema.

"Hilo naliona, baba. Sikuja hapa unipe pole." Shangazi, dada mkubwa wa baba yake, alikuwa amekaa ng'ambo ya meza ya kazi, mkoba mapajani. "Jumapili namvisha mjukuu wangu mbele ya wakwe zake. Na lazima niwasimulie ilikotoka. Sasa nitaanzaje kusimulia na kitu kimefubaa hivi? Na mbona dhahabu limao halikuigusa?"

"Dhahabu ni madini. Lulu imetoka kwa mnyama, haina tofauti kubwa na ganda la yai. Tumbukiza ganda la yai kwenye limao uone linavyotoa povu."

Shangazi alisogeza kiti. Huyu mama akiulizwa habari za afya yake anajibu kwa neno moja, lakini ukimwonyesha kitu asichokijua, atakuganda mpaka ufunge duka.

"Kwa hiyo ndiyo basi tena?"

"Imeungua ngozi ya juu tu. Lulu ni kama kitunguu, ngozi juu ya ngozi. Naweza kuimenya. Tukibahatika, ya chini inang'aa."

"Tusipobahatika?"

"Utakuwa na lulu ndogo tena mbaya."

Shangazi aliguna. "Na katikati ya kitunguu kuna nini? Si punje ya mchanga?"

"Hayo maneno ya watu. Chaza, huyo mnyama mwenyewe, analala na mchanga, anaamka na mchanga, ukimwingia anautema. Mara nyingi ni kidudu kimemtoboa, au kajeraha. Hana mikono ya kujikuna. Basi anakipaka uleule utelezi anaojengea gome lake. Anapaka, unakauka, anapaka tena, miaka nenda rudi."

"Yaani mimi nimevaa kaburi la mdudu kidoleni."

"Kaburi zuri, lakini."

"Uzuri wake uko wapi hasa? Maana almasi naielewa, inapiga kelele."

Koleo alikuna kidevu. Wateja huwa wanauliza bei, hawaulizi hili. "Mwanga unaingia ngozi ya kwanza, kidogo unarudi, kidogo unaendelea mpaka ya pili, nao unarudi. Almasi inakumulika machoni. Lulu inakuwa kama ina joto lake. Ndiyo maana mtu akiivaa shingoni unamwangalia yeye, huangalii lulu."

Shangazi alitabasamu kama aliyesifiwa mwenyewe. "Marehemu mume wangu alisema hivyohivyo siku aliyonipa. Alizama mwenyewe, akatoka na chaza mkononi, pua inamvuja damu. Baba yako alikuwa anamcheka, eti yule anaogopa hata maji ya beseni. Basi Jumapili baba yako atakuwepo, na nataka iwake."

Koleo aliipasha pete joto taratibu mpaka gundi ikalegea, akaing'oa lulu kwenye kijiti cha dhahabu kilichoishikilia. Chini ilikuwa na tundu, limeishia katikati. Akabana lenzi jichoni, akachungulia. Akageuza, akachungulia tena.

"Nini?" shangazi aliuliza.

Mtu mwingine angejikohoza na kutafuta njia ya kuzunguka. Koleo alizitafuta hizo njia, hakuziona.

"Hii ya kufugwa, shangazi. Wanamfungua chaza kidogo, wanampachika kishanga kilichochongwa kwenye gome, na kipande cha nyama ya chaza mwenzake, wanamrudisha majini akipake. Humu kuna kishanga. Nauona mstari wake."

"Si huenda alizama huko wanakofuga?"

"Huko wanawaning'iniza kwenye vikapu vya wavu. Unavuta tu, hulowi zaidi ya viwiko. Na hii ilishatobolewa kwa mashine ikatiwa kwenye pete. Ni ya dukani."

Shangazi alinyoosha mkono. "Lete hicho kidude."

Alihangaika na lenzi, jicho moja kalifumba, mdomo wazi. Ndani ya tundu, pembeni kabisa, palikuwa na utando mwembamba kama karatasi, kisha mstari mweusi, kisha kitu cheupe kisicho na habari yoyote. Aliangalia muda mrefu.

"Alinunua," alisema shangazi hatimaye.

"Ndiyo."

"Yule mtu? Mkono wa birika yule, aliyekuwa anakata njiti ya kiberiti mara mbili?" Mabega yakaanza kumtikisika. Koleo alidhani analia, akatafuta kitambaa, kumbe ni kicheko. "Akaona bora nimjue mwongo kuliko nimjue ametoa hela. Menya."

"Umeuona ule utando ulivyo mwembamba. Nikipitiliza natokea kwenye kishanga."

"Menya, mwanangu."

Alipachika ncha ya wembe kwenye ukingo wa tundu, akainamia lulu bila kupumua. Gamba la kwanza lilinyanyuka kama ngozi ya kidole kilichoungua na jua. Shangazi alilipokea kiganjani, akalipuliza, akalinusa. Halikunuka. Chini yake palikuwa na mwanga wa waridi, hafifu, kisha ukatanuka kila wembe ulipopita. Upande mmoja kishanga kilianza kuonekana kama kivuli, Koleo akaweka wembe chini.

"Hapa ndio mwisho. Kile kivuli nitakigeuzia upande wa kiganja, kisionekane. Sasa Jumapili utawaambia nini?"

Shangazi aliigeuzageuza lulu kwenye taa.

"Nitawaambia babu yake aliingia dukani, akatoa hela mfukoni kwa mkono wake mwenyewe. Baba yako hataamini hata nikiapa." Akamrudishia. "Na huyo chaza, wakimpachika kile kishanga, anasikia maumivu?"

"Sijui, shangazi. Sijawahi kufikiria."

"Uliza. Utanijibu nikija kuchukua."