Nyota ya Bibi Medu

Jioni ya mkesha wa Krismasi mawingu yalitanda juu ya Krakovia, na kwa desturi ya Wapoland nyota ya kwanza isipoonekana, hakuna anayegusa chakula. Otylia alishapanga mezani samaki, supu nyekundu ya bitiruti, ngano ya kuchemsha yenye asali, na ile sahani ya ziada ya mgeni asiyetarajiwa. Mumewe, Profesa Ksawery, alisimama dirishani akilalamika njaa.

Mlango ukagongwa. Akaingia ajuza mfupi, nyota ikiwaka kwenye paji lake la uso.

"Haya, nyota hiyo," alisema Ksawery. "Tule."

Mgeni alikuwa Medu, neno la kale la asali. Hakuna aliyewahi kuliandika enzi zake. Lilijulikana kwa wajukuu tu, maneno yaliyotokana nalo: Miód wa Wapoland, Med wa Wacheki, Mjod wa Warusi, na jamaa wa mbali kule India. Neno la namna hiyo wataalamu wa lugha hulitia alama ya nyota mbele yake, maana yake lilikuwepo ingawa halikuandikwa. Ukoo huo Otylia ndiye aliyeufuatilia, akizunguka kwa wafuga nyuki hadi ujana ukamwishia njiani. Kitabu kilitoka na jina la Ksawery peke yake.

Ajuza akaketi mbele ya ile sahani ya mgeni, ubavuni mwa Ksawery, akamshika mkono.

"Mwanangu, umenikusanyia wajukuu. Mungu akupe nini!"

Wivu ulimwingia Otylia. Wivu, jamani, hauna adabu: akampakulia mgeni ngano kwa kishindo.

"Bibi, hebu muulize aliyewatafuta hao wajukuu ni nani."

"Otylia alinipigia chapa," alisema Ksawery, akitoa mwiba mdomoni. "Mke mwema sana."

Medu akamtazama Otylia.

"Nakujua, binti yangu. Sauti iliyokuwa ikiniita ni yako. Ila kitabuni humo nimekutafuta, sikukuona."

Akainuka, akambusu kwenye paji la uso, kisha akarudi ubavuni mwa Ksawery. Tangu hapo hakuondoka tena.

Asubuhi Otylia alijitazama kwenye kioo. Nyota ilikuwa kwenye paji lake. Aliisugua kwa sabuni, haikutoka.

"Imekupendeza," alisema Ksawery, akimvutia Medu kiti. "Chai yetu iko wapi?"

Otylia akabandika birika.