Wimbo wa Maduhu

Duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lilipoporomoka kule Geita, Maduhu alikuwa ameshatoka nje salama. Alirudi ndani, akawatoa wenzake wawili, kisha kifusi kikamfunika. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, manju wa kijijini kwao Samuye, kiongozi wa ngoma, alimtungia wimbo, na uwanja mzima wa ngoma ukawa unaitikia jina lake.

Mjane wake, Paskalia, aliusikia akiwa jikoni peke yake. Shemeji yake Januari, mwalimu wa sekondari, akaja kumwita.

"Shemeji, twende ngomani. Kwa Wayunani wa kale, shujaa ni yule anayekubali kufa mapema ili jina lake liimbwe daima. Kaka ndiye huyo."

"Na mke wa shujaa, tenzi zao zinamsemaje?"

Januari alifikiri. "Analia kidogo, halafu utenzi unarudi vitani."

"Maduhu hakutaka kuimbwa," Paskalia alisema. "Aliwasikia watu wanaita, akashindwa kuwaacha. Mimi nimemwita mwaka mzima."

Januari hakurudi ngomani. Aliketi, Paskalia akampakulia ugali, wakala. Alipoondoka, Paskalia aliosha sahani zote mbili, akakaa mlangoni akitazama njia ambayo Maduhu alizoea kurudia.