Petroli Mdomoni

Mpaka leo nikiona kipande cha mpira wa maji kimening'inizwa ukutani, mate hunijaa mdomoni nikataka kutema. Ni shemeji huyo, mume wa dada yangu. Ananijia na kidonda chake cha pembeni mwa mdomo kisichopona, na ile pumzi yake ya petroli. Ptu!

Tulikuwa tukivua mbali, siku mbili tatu bila kuona nchi kavu, kwa hiyo tulibeba petroli ya akiba. Wenzetu waliibeba kwenye madumu yenye vifuniko vya kukaza, wakayafunga kamba yasitembee. Shemeji aliitia kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, mengine yamezibwa kwa mfuko wa plastiki. Tangi la injini likikauka, hangoji injini ipoe: anatumbukiza mpira kwenye dumu, ananyonya mpaka petroli imfike kooni, anatema papo hapo miguuni mwetu, kisha anacheka. Mdomo huohuo ndio uliotangulia kwenye kikombe cha maji tulichochangia. Nilikuwa nakunywa nimefumba macho.

Nilimnunulia pampu ya mkono. Akampa mwanawe achezee kwenye beseni.

Siku yenyewe mawimbi yalikuwa makubwa. Boti iliyumba, mpira ukachomoka, petroli ikamwagika na kuelea juu ya maji machafu yaliyotuama chini ya miguu yetu. Nikaanza kuyakomba. Shemeji akajifuta ndevu, akavuta jiko la mkaa.

"Hebu tunywe chai kwanza."

"Shemeji, ngoja nimalize kukomba. Harufu yote hii huisikii?"

"Petroli inanijua mimi. Wewe ogopa tu."

Akatoa kibiriti. Nilimrukia, nikampokonya, nikakitupa baharini.

Tulirudi tukitafuna mkate mkavu. Gatini shemeji alimsimulia kila mtu, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikabandikwa jina, Bibi Kibiriti. Nafasi yangu akapewa mdogo wake wa mwisho, mtu mpole, aliyekuwa ametoka tu kuoa. Nilimfuata hadi nyumbani kwake, nikamsihi asikubali.

Akainamisha kichwa. "Kaka akishasema, nitamkatalia vipi?"

Boti iliungua wakati wa kuhamisha petroli. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Lakini hapa sikio lilikuwa la mmoja na kufa kukawa kwa mwingine. Mdogo mtu hakurudi. Shemeji aliokolewa na wavuvi wengine, viganja vimeungua.

Msibani, nyumbani kwake shemeji, alikaa kiti cha mbele, mikono imefungwa bendeji. "Ajali haina kinga," alisema, na waliokuja kumpa pole wakaitikia, "Kweli, ajali haina kinga." Mjane alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno.

Mchana ule jenereta ya kuvutia maji ya kisima ilizimika, petroli imeisha. Karibu nayo kabisa akina mama walikuwa wakichemsha chai kwenye jiko la mkaa. Kabla sijanyanyuka, shemeji alikuwa ameshaagiza dumu na mpira. Jirani mmoja akamshikia, maana viganja vyake havikuweza, naye akainama juu ya jenereta iliyokuwa bado ya moto, akauweka mpira kwenye mdomo uleule.

Dada yangu hakuwahi kumpinga mumewe mbele za watu. Alitoka ndani na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akapita katikati ya wanaume bila hodi wala samahani, akaimimina yote kwenye jiko. Majivu yaliruka mpaka kwenye sinia ya vikombe.

"We mwanamke, una wazimu? Wageni watakunywa nini?" shemeji alifoka.

Dada aliweka ndoo chini. Alinitazama mimi.

"Ile pampu yako," alisema, "iko uani, chini ya beseni. Kailete."