Dume la Orrin

Orrin aliwinda dubu miaka tisa bila kuambulia hata unyoya. Kwa hiyo alipompata mmoja hakwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimlaza kifudifudi kwenye tela, akapita naye mbele ya mkahawa, akasimama kanisani, akasimama tena kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kote huko akatangaza kwamba hilo ni dume, tena dume la kutisha.

Alipofika bandani kwa dada huyo, Verna, jua lilikuwa limeupiga mzoga saa nne nzima. Verna, aliyewachunia watu wa mji ule wanyama na kuwajaza wasimame sebuleni kama mapambo, hakumpa pongezi. Alivuta manyoya ya tumboni taratibu. Yalishika; ngozi haikuwa imeanza kuoza.

"Una bahati," alisema. "Ungezurura kidogo zaidi, ungekuwa na dubu mwenye upara."

Kisha wakampindua chali. Verna akatazama, akatazama tena asije akamwonea mtu.

"Orrin, dume lako ni jike."

Orrin alidai kuwa labda vitu vimejikunja kwa baridi. Verna, aliyezaa wanne, alimjibu kwamba baridi haina uwezo huo.

Kisheria hapakuwa na kosa. Jike hakuwa na watoto, na leseni haikubagua. Tatizo lilikuwa wazee wa mkahawani. Orrin alishawaalika Jumatatu ofisini kwa afisa wa wanyamapori, ambako ngozi ya kila dubu hupigwa lakiri, yaani alama ya serikali, ikiwa na sehemu inayoonyesha jinsia bado imeshikamana nayo. Ikikosekana, serikali inachukua ngozi. Orrin aliijua sheria hiyo fika, lakini bado alimnong'oneza dada yake kwamba visu huteleza.

"Changu hakitelezi," alisema Verna.

Akaanza kazi. Alipasua tumbo akiizunguka ile sehemu kwa uangalifu, akachuna miguu hadi kiungo cha mwisho cha kila kidole, makucha yakabaki kwenye ngozi. Aligeuza masikio nje ndani kama soksi, akapasua midomo kwa ndani, akakwangua mafuta yote, kwa kuwa chumvi haipenyi mafuta. Orrin alibembeleza muda wote, kisu kikitoka miguuni hadi puani. Hatimaye Verna akaweka kisu chini.

"Chagua, mdogo wangu. Nikikata, aibu huna na dubu huna. Nikiacha, unavyo vyote."

Orrin alikaa juu ya gunia la chumvi, akakuna kidevu.

"Acha," alisema.

Verna akamwondoa juu ya gunia, akaikanda ngozi kwa chumvi kila kona.

Jumatatu wazee sita walijipanga ukutani ofisini. Afisa, Bi Tollefson, aling'oa jino dogo la kupimia umri kwenye fuvu lililoletwa pamoja na ngozi, akabana lakiri kwenye ngozi, akaandika huku akisoma kwa sauti, kama ilivyo kawaida yake.

"Jinsia: jike."

Mzee Halvor akakohoa.

"Ungetuambia ni bibi, Orrin, tungevua kofia."

Walicheka mpaka Bi Tollefson akawatoa nje. Orrin alikunja ngozi yake, masikio yamemwiva kwa aibu. Garini, Verna aliyekuwa akimsubiri alimuuliza kama bado anataka dubu asimamishwe, na kama mdomo uwe wazi au ufungwe.

"Asimame," alisema Orrin. "Na mdomo wazi, meno yote yaliyobaki nje. Waje wamcheke usoni."