Ng'ombe wa Godhana na Toleo la Nne

Siku ya Jumatano asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma, Alice alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa kwenye malka ya upande wa Ngao, akingoja ng'ombe wamalize kunywa maji. Mapajani alikuwa na karatasi za programu yake, zile ndefu zenye matundu pembeni, zikiwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kwenye printa. Malka ni njia ya mifugo ya kufikia mto. Wakulima huiacha wazi kati ya mashamba yao, hakuna anayelima humo wala kujenga, na wafugaji nao huhakikisha ng'ombe hawaweki hata ukwato mmoja nje ya njia. Ndivyo watu wa Tana wanavyoishi bila kutoana macho, ingawa mara nyingine hutoana macho vilevile.

Mzee Godhana, mwenye ng'ombe, alitaka habari kwanza, kwa sababu huwezi kukutana na mfugaji wa Kiorma ukaanza moja kwa moja na shida yako. Akauliza amani, Alice akajibu amani. Akauliza mvua ya chini huko, malisho ya visiwani, afya ya mama yake Alice. Halafu, kama ilivyokuwa desturi miaka ile, akafika kwenye matoleo.

"Ndama ya mwaka huu iko mzuri sana," alisema. "Nashika makosa mapema. Ile ya mwaka jana nangoja mpaka mwisho ndiyo nasimama."

"Na kasi?"

"Kasi iko. Lakini nakula sana."

Alice aliitikia kwa kichwa. Jarida la mambo ya kompyuta, lililofika kwa basi kutoka Mombasa likiwa limechelewa na kumwagikiwa chai ya mtu, lilikuwa limesema yaleyale kuhusu toleo la nne la kitafsiri: linakamata makosa mapema, lina kasi, ila linakula nafasi. Kitafsiri ni kile chombo kinachochukua maneno ya mwandishi wa programu na kuyageuza yawe kazi ambayo mashine inaweza kuifanya. Jarida lilijaza kurasa kwa maoni yake. Godhana alitosheka na sentensi chache, na habari yake ilitangulia kufika, maana ndama huzaliwa bila kungoja basi.

Alice alikuwa mtoto wa hapo hapo Ngao, binti wa marehemu Gershom na mama Asenath, na alikuwa amesomea kompyuta Mombasa. Aliporudi aliajiriwa na Mradi wa Milango Mitatu, uliokuwa umejenga tuta kubwa juu kidogo ya kijiji ili ulime mpunga. Kwenye tuta palikuwa na milango mitatu ya chuma. Mto ukijaa, lazima mlango ufunguliwe maji yapungue, la sivyo tuta lote litapasuka. Mlango wa kwanza ulimwaga kwenye mpunga wa mradi, wa pili kwenye bwawa, wa tatu malkani. Kazi ya Alice ilikuwa kuandika programu ya kuchagua mlango, na mwaka huo kazi ilitakiwa upesi, kwa kuwa redio zote zilikuwa haziimbi kingine ila mvua za Elnino.

Kompyuta ya ofisi ilitegemea jenereta, jenereta ilitegemea dizeli, na dizeli ilitegemea Injinia Valentine, mkuu wa mradi, ameamkaje siku hiyo. Ndiyo maana Alice alizoea kuja malkani. Ilianza hivi hivi tu. Siku moja alikuwa anajisomea mistari yake kwa sauti, na Godhana, ambaye huwaimbia ng'ombe wake wakinywa kama wafanyavyo wafugaji wote, akaidaka mistari ile akaitia kwenye wimbo. Palipokuwa na "ikiwa", kundi liligawanyika pande mbili. Palipokuwa na "rudia", likazunguka. Mahali fulani ng'ombe mmoja mweusi akasimama, na hata kwa fimbo hakusogea.

"Hapo iko shimo," Godhana akasema.

Alice akaangalia, akakuta kweli ameruka mstari. Akauandika, ng'ombe akatembea. Tangu siku hiyo ikawa ni kazi kama kazi nyingine.

Mnadani Garsen jambo hili lilikuwa na wapenzi wake na wapinzani wake. Mfugaji mmoja wa upande wa Chewele, jina lake Wako, alishikilia kwamba hakuna kitafsiri kama ng'ombe mzee. Matoleo mapya, alisema, yana kiherehere, yanatoa jibu hata swali halijaisha. Wengine wakamwambia yeye anaogopa ndama tu. Waligombana hadi chai ikapoa, na hakuna aliyetarajia wakubaliane.

Jumatano hiyo, basi, programu ilikuwa imekamilika. Godhana akajifunga kikoi vizuri, akaegemea fimbo, akaanza kuimba ukurasa wa kwanza. Kundi likanyanyua vichwa majini kwa pamoja. Likagawanyika, likakutana, likazunguka, likagawanyika tena, pembe zikipishana bila kugongana, na vumbi halikuinuka. Kulikuwa na sauti ya pumzi tu, pumzi nyingi zinazokwenda pamoja. Watu waliokuwa wanavuka kwa mtumbwi waliacha kupiga kafi. Hakuna ng'ombe aliyesimama hata mmoja. Programu haikuwa na kosa.

Kisha wakatoka malkani.

Waliingia shambani kwa Asenath, kundi zima, katika mahindi yaliyofika magotini, wakapita kwenye migomba na kwenye kitalu cha mpunga. Hawakuvunja jani. Ukwato ulishuka kati ya shina na shina, na mahindi yakasimama nyuma yao yalivyokuwa. Ndama walibaki pembeni, penye mwinuko. Mitamba wakaenda chini kidogo. Wakubwa wakashuka hadi bondeni, na dume jekundu, kubwa kuliko wote, likainama mlangoni, likaingia jikoni kwa Asenath na kusimama kati ya mafiga na ndoo ya maji. Hapo wakatulia. Alice aliona walivyojipanga, wadogo penye kina kidogo na wakubwa penye kina kirefu, akayaona maji yatakayokuja. Yalikuwa yanang'aa kwa rangi zote za ngozi, kutoka ukingo hadi ukingo, na alijua hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo, na alijua pia ni nini. Machozi yakamtoka.

Asenath akatoka jikoni, akipita ubavuni mwa dume na mwiko mkononi.

"Mzee Godhana. Amani?"

"Amani, mama. Mahindi iko salama?"

"Salama. Hawa wamekuja kula?"

"Hapana. Nafanya kazi ya binti yako."

Asenath akamgeukia Alice. "Haya, wanasemaje?"

"Maji yatafika hapo waliposimama, mama. Programu itafungua mlango wa tatu kwanza."

Asenath alirudi jikoni akasimama kando ya dume, akaweka mkono juu ya mgongo wa mnyama. Mgongo ulimfika begani. Halafu akachungulia nje, upande wa kaburi la mumewe. Ng'ombe mweupe alikuwa amesimama juu yake, kichwa kimeinama.

"Mimi nitahama," alisema. "Gershom nitamhamishaje?"

Jioni hiyo wazee wa Ngao walikutana na wazee wa Kiorma kuhusu ng'ombe walioingia shambani. Sheria ya faini ilikuwa wazi, lakini ilizungumzia mazao yaliyoliwa au kukanyagwa, na hapakuwa na la kuonyesha. Wakajadili kama kivuli cha ng'ombe kinaharibu mpunga. Wakaona hakiharibu. Kesi ikaisha, watu wakarudi makwao na kuanza kufunga mizigo.

Alice alikwenda kwa Injinia Valentine. Injinia alikuwa mtu wa matoleo. Ukutani kwake hapakuwa na kalenda wala picha ya familia, palikuwa na maganda ya disketi za kila toleo alilowahi kulipokea, yakiwa yamepangwa vizuri. Mlango wa chuma ulipoota kutu aliagiza programu mpya. Hakuwa mkali, na sauti yake haikupanda kamwe.

"Malka si mahali patupu, bwana," Alice alimwambia. "Pembeni yake kuna mashamba. Kuna nyumba. Mama yangu yuko pale."

Injinia akamwonyesha ramani. Malka ilikuwa imeachwa nyeupe.

"Nyeupe maana yake hakuna mtu."

"Hakuna mtu kwa sababu tumekubaliana asiwepo mtu. Ni njia ya ng'ombe. Maji hayatafuata njia."

"Programu ina kosa?"

"Haina."

"Basi," alisema Injinia. "Hayo mengine tutayaangalia kwenye toleo lijalo."

Usiku Alice hakulala. Kulipokucha aliandika upya mistari ile michache inayochagua mlango, akaweka bwawa mbele, kisha mpunga wa mradi, na malka mwisho kabisa. Akampelekea Godhana. Godhana akaimba, na kundi likanyanyua vichwa, likagawanyika, likazunguka, likaenda juu. Wengine waliingia bwawani hadi tumboni. Waliobaki walipanda tuta wakashuka upande wa pili, wakaingia kwenye mpunga wa mradi bila kuvunja jani, wakatulia. Dume jekundu likasimama mlangoni mwa ofisi, pembe zake zikigusa fremu pande zote mbili.

Injinia Valentine alisimama dirishani na kikombe chake. Alitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umetulia, na Alice aliona kabisa kuwa naye mambo yale yameshamwingia moyoni, ule mpangilio, ule ukimya, rangi zile juu ya kijani cha mpunga. Alihesabu kwa macho. Hakuwa mjinga, na usidhani hakuelewa. Alielewa upesi kuliko mtu yeyote.

"Inapendeza sana," alisema. "Sijaona programu inayofanya kazi vizuri hivi. Maji yatafika mpaka hapa mlangoni?"

"Yatafika, bwana. Lakini hapa hakuna anayelala."

"Ndiyo. Nimeona." Akanywa chai. "Rudisha ile ya kwanza."

Alice akasema hawezi. Injinia hakumgombeza. Alifungua droo akatoa disketi ya programu ya kwanza, ile iliyokwisha kupitishwa Nairobi, akaitia kwenye mashine mwenyewe, akangoja taa izime, kisha akafunga chumba cha kompyuta na kutia ufunguo mfukoni. Godhana aliwaondoa ng'ombe polepole. Walipofika malkani matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka.

Mvua hiyo kila mtu anaikumbuka. Mto ulipanda mchana na usiku, hata barabara ya Garsen ikawa haionekani, na kwenye tuta mlango wa tatu ukafunguka wenyewe, taratibu, kama ulivyoandikiwa. Maji yalikwenda pale ng'ombe waliposimama. Ukingo wake ulipita ulipopita mstari wa ndama, na jikoni kwa Asenath yalifika begani. Asenath na jirani zake walikuwa wameshapanda penye mwinuko karibu na hospitali, na masufuria, kuku na mbegu zao. Kutoka hapo waliyatazama yakiwa yametanda, makubwa, yametulia, yakimeta hadi macho yanapokoma. Alice alimshika mama yake mkono. Kaburi la Gershom lilikuwa chini kule, na walipolitafuta baadaye, maji yalipokauka, hawakujua lilikuwa wapi.

Chini zaidi, kuelekea kijiji cha Ozi, wapo ambao maji yaliwakuta wakiwa ndani ya nyumba zao. Maji yalikuwa mengi kuliko kundi la Godhana. Pale ng'ombe wake walipoishia, habari nayo iliishia hapo.

Mpunga wa mradi haukulowa. Wakubwa kutoka Nairobi walikuja na helikopta, wakalitazama tuta, wakaisifu programu kwa kutokuwa na kosa. Jarida likaandika habari zake katika safu ya maoni, pamoja na picha ya Injinia. Alice aliachishwa kazi, kisha akaitwa tena, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayejua programu ile ilivyoandikwa. Alirudi. Alisema ni afadhali awe karibu na lile analolichukia.

Mwaka uliofuata nyasi zilikuwa ndefu na ndama walizaliwa wengi. Watu wa Ngao, ambao baba zao walipigana ili ng'ombe wasitoke malkani, walituma ujumbe kwa Waorma wakiomba mifugo zaidi. Wako alikuja na ng'ombe wake wazee wote, akisema anataka kuona hilo toleo la tano linajua nini. Hata watu wa Ozi walikuja, wakakaa ukingoni kungoja.

Godhana akauliza amani, akauliza mvua, malisho, watoto. Alice akampa karatasi za toleo jipya la programu ya milango. Akaimba. Makundi yote yakanyanyua vichwa kwa pamoja, na ardhi ya Ngao ikajaa migongo kutoka tutani hadi kusikoonekana, kimya, bila jani kuvunjika. Ilikuwa kubwa kuliko mwaka uliopita, na nzuri zaidi. Watu wa Ozi walimwona ng'ombe wa mwisho amesimama mbali kabisa, karibu na kwao, wakashukuru.

Dume jekundu liliinama likaingia kwenye jiko jipya la Asenath. Asenath akaweka mkono juu ya mgongo wake, kisha akasogea akapima tena. Safari hii ulimfika kidevuni.

"Toleo hili limerekebisha nini?" akauliza.

Alice alifungua karatasi ya maelezo, ingawa alikuwa anayajua.

"Mlango wa tatu sasa unafunguka haraka zaidi."

Asenath akachukua sufuria, akapita ubavuni mwa dume, na kutoka nje.

"Haya," alisema. "Basi tuanze kuhama leo."