Kitanda cha Mama Mkwe

Katika mtaa ule wa bondeni, kila ukuta una mstari mweupe uliopakwa na watu wa manispaa, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Chini ya mstari huo halali mtu. Mlima ulio juu ya mji hautoi moto kila mwaka, lakini unapumua siku zote, na pumzi yake hupenya ardhini, haina rangi wala harufu, ikatuama vyumbani kama maji. Ndiyo maana vitanda vya huko vina miguu mirefu, na ndiyo maana seremala hakosi kazi.

Mama mkwe wa seremala mmoja wa huko alipokuja kutoka mbali kumwona binti yake mjamzito, seremala alimpisha chumba papo hapo.

"Mama, wewe utalala hapa kitandani kwetu."

Mama akashika mdomo. "Nilale kitanda cha mkwe wangu? Makubwa! Baba, unataka nizikwe na aibu? Nipe mkeka tu."

"Mama, chini kuna hewa mbaya," binti yake akamwambia. "Inaua."

"Hewa gani hiyo inayolala sakafuni kama kuku?"

Wakacheka. Seremala naye akacheka, maana mkwe hakemewi. Wakamuungia viti vitatu, akaamka mgongo umekakamaa kama ubao.

"Leo leo utapata kitanda chako, mama," seremala alimwambia asubuhi, "ambacho hakijalaliwa na mtu. Mpaka hapo, chini usilale."

"Haya baba. Mungu akuzidishie."

Kabla ya kutoka seremala alishusha mshumaa hadi sakafuni kila pembe, kama wafanyavyo wote mtaani. Moto ukasimama wima, haukuzimwa na hewa mbaya. Mkewe akaenda kliniki, yeye akaenda karakana.

Lakini mshumaa wa asubuhi hausemi ya mchana. Alikuwa akichonga mguu wa mwisho ardhi ilipotikisika kidogo, kopo la gundi likacheza mezani.

"Mzee anajigeuza," fundi mwenzake aliusema mlima bila kuinua macho.

"Ageuke tu, asiamke," seremala akajibu, akaendelea kupiga randa. Walishazoea.

Alifika nyumbani na kitanda kichwani. "Hodi, mama! Njoo uone mali yako!"

Akaingia chumbani.

Mkeka ulikuwa umetandikwa kando ya kitanda kikubwa, ambacho shuka yake haikuwa na hata kunyanzi moja. Mama alilala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, viatu vyake vimepangwa pembeni. Uchovu wa viti ulikuwa umemshinda, na aibu ikamchagulia pa kulala.

Seremala alibana pumzi, akainama, akambeba hadi uani. Alimwita, akampulizia, akamtikisa. Alikuwa amekwisha kupoa. Akafungua madirisha yote, akasubiri, kisha akaingiza kile kitanda kipya na kumlaza juu yake. Kilimtosha sawasawa.

Mkewe aliporudi na kuona, alijitupa sakafuni kama wafiwa wanavyojitupa. Seremala akamshika kwapani, akamnyanyua.

"Niache! Niache nimlilie mama yangu!"

"Mlilie, mke wangu. Mlilie ukiwa juu."

Akamketisha ukingoni mwa kitanda, penye miguu ya mama. Alilia hapo mpaka sauti ikamkauka, tumbo amelikumbatia, nyayo zake zikining'inia bila kugusa chini.